Mazda Roadster ndani ya Dar: raha ipo, ila siyo ile niliyoifuata

Nianze na jibu kabisa, asiye na muda aendelee na mishe zake: kagari ka siti mbili kanakofunuka paa kananoga, tena sana, ila kama unakanunua sababu ya paa basi Dar itakunyoosha. Mimi nilinunua sababu ya paa. Nimebaki nayo sababu ya gia na usukani.

Gari yenyewe ni Mazda Roadster, nje huko wanaiita MX-5, ile ya kizazi cha tatu iliyoanza kutoka 2005. Yangu ni ya paa gumu linalojikunja, hilo walilileta mwaka uliofuata, injini 2.0, gia sita za kukanyaga klachi mwenyewe. Wapenzi wa magari wanaijua, ukoo wake ulianza 1989 na kufika 2016 walishatengeneza zaidi ya milioni moja, hakuna gari ya michezo ya siti mbili iliyouza kama hiyo duniani. Ila hapa mjini ukipita nayo bado wanakuuliza "hii BMW eeh?" na ukijibu Mazda wanakuangalia kwa huruma.

Sasa paa. Kwenye video unaona mtu anabonyeza kitufe, paa linarudi nyuma, bahari pembeni, anatabasamu. Hiyo video haikupigwa Mwenge saa nane mchana. Kiufundi sina cha kulalamika kabisa, unasimama, unafungua komeo pale juu ya kioo cha mbele, unashikilia kitufe, sekunde 12 limeshaingia lote nyuma ya siti na wala haligusi nafasi ya buti, halafu uzito ulioongezeka ukilinganisha na ile ya turubai haufiki hata kilo 40. Hapo Mazda walitumia akili. Tatizo ni mji wetu. Jua la kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi halina utani, Januari na Februari ndo usiseme, siti nyeusi zinakuchoma mapaja kupitia sketi, na ukiwasha AC paa likiwa wazi unaipooza Kinondoni nzima kwa hela yako.

Halafu unakaa chini mno, makalio na lami vinasalimiana, kwaiyo kwenye foleni bomba la moshi la lori la mchanga liko usawa wa pua yako. Ukiwa umefunua unakuwa mali ya umma. Muuza karanga anakuwekea karanga mapajani kabla hujakubali, bodaboda anainama kusoma spidi mita yako, konda wa daladala anakutolea hotuba toka juu, "sista nipandishe na mimi bana", abiria wote wanacheka na hata ukipandisha vioo, juu bado kuko wazi. Siku ukiwa na furaha ni burudani, siku umetoka kugombana na bosi unatamani ardhi ipasuke. Na mkoba usiuweke siti ya pembeni, uweke chini kwenye miguu, sihitaji kueleza sana hapo, wa Dar tunajuana.

Kwa kina dada wenzangu: wigi sahau. Rasta zinakubali ukizifunga nyuma, kilemba kinakubali ukikikaza vizuri, na mdogo wangu anayevaa mtandio anabana pini zake mbili tatu na yuko salama kuliko sisi wote. Jiandae pia na swali linalokuja baada ya lile la BMW, yaani "nani kakununulia?". Nimejinunulia, hela ya kikoba na mkopo wa kazini, nimechoka kulijibu hilo swali mpaka siku hizi nasema ni ya baba mkwe.

Mvua ni habari nyingine. Paa la hii haliendi gari ikiwa inatembea, lazima usimame, sasa mvua za Dar hazibishi hodi, uko juu ya daraja la Kigamboni wingu limeshuka, utasimama wapi? Unalowa kistaarabu mpaka upate pa kupaki. Likiwa limefungwa halivuji, yangu haijawahi kuvuja, lakini zile za turubai na hata hizi zina matundu ya kupitishia maji pembeni nyuma ya siti, yakiziba kwa majani na vumbi maji yanakosa njia yanaingia ndani ya bodi na kutu inaanza kimyakimya. Kama unapaki chini ya mwarobaini au mkungu, na Dar nani hapaki chini ya mti, basi yasafishe kila mara. Chumvi ya bahari nayo inamalizia kazi.

Barabara sasa, hapa ndo watu wengi watafeli. Uvungu wa hii gari ni sentimita 13 na kitu hivi. Matuta unayakata kwa mshazari, taratibu, ukiomba aliye nyuma asikupigie honi. Lami kubwa hazina shida, Bagamoyo Road, Ali Hassan Mwinyi, Masaki kote unapeta. Shida ni ile nusu kilomita ya mwisho kufika kwako. Mimi lami inanifikisha karibu na geti ndo maana nimethubutu, rafiki yangu anakaa Goba ndani ndani huko alitaka kunifuata nikamwambia hapana shosti, we kwanza kapime njia ya kwako ndo uje upime gari, bampa la mbele ukiling'oa kwenye korongo kulipata lingine ni kazi. Masika ikianza mimi naipaki na kuifunika, naenda kazini kwa mwendokasi au bajaji, sitaki kujua maji ya Mikocheni yana kina gani. Na kingine, haina spea tairi. Inakuja na dawa ya kuziba pancha na kijipampu. Mara ya kwanza naipeleka kwa fundi tairi alizunguka gari nzima akifungua buti na kufunga:

"Dada, spea yake iko wapi?"
"Haina."
"Haina kivipi? Umeuziwa bila spea?"
"Ilizaliwa hivyo."

Akaita wenzake waje kuangalia. Nakushauri uwe na namba ya fundi pancha wa bodaboda anayekufuata popote, hiyo dawa ni ya tundu dogo tu, tairi ikichanika ubavu haikusaidii chochote.

Siti mbili. Hapa nilidhani ntapata shida na kumbe ndo baraka yenyewe, manake lifti zimeisha. Zile za "unapita Mwenge? nishushe hapo" na ukifika unakuta wamekuwa wanne na magunia, zimeisha. Ila siku ya msiba ndo aibu, ukoo mzima unagawana magari kubeba masufuria na mama wakubwa, we unafika na kigari kinachobeba mtu mmoja na hotpoti, shangazi zangu walinisema vizuri siku hiyo. Mama yangu alipanda, akafurahia upepo wa Coco Beach, tatizo likaja kushuka, magoti yake hayakubali gari ya chini namna ile, ikabidi nimvute kwa mikono miwili na walinzi wa duka jirani wakaja kusaidia. Hajapanda tena. Anaiita "hicho kitu".

Kwaiyo kwa kifupi kama ndo gari yako pekee na una watoto, au wazazi wanakutegemea hospitali, usiguse. Mimi sina watoto, na nyumbani kuna Toyota Raum ya kaka inayobeba majukumu yote, bila ile Raum nisingeweza.

Hela. Hizi karibu zote unaagiza Japani, showroom za hapa unaweza kuzunguka mwezi usione moja. Faida yake usukani upo upande wetu tayari. Machungu yako kwenye kodi, ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, ushuru wa bidhaa kwa injini isiyozidi 2000cc ni mdogo, injini hii ni cc 1998 inaponea chupuchupu, lakini sasa gari imepita miaka 10 kwaiyo inakula na ushuru wa uchakavu 30%, na hivyo vyote vinapandiana, siyo vinajumlishwa tu. Ukimaliza unakuta kodi na gari vinakaribia kulingana. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni, weka gari yako mle kabla hujatuma hata senti Japani, usisikilize mtu anayekwambia "tutaongea pale bandarini".

Matunzo yamenishangaza kwa uzuri. Injini ni ndugu wa zile za Mazda Axela na Atenza kwaiyo vitu vya sevisi hata mafundi hawaogopi, wanaijua. Mafuta inakula kawaida tu, kagari kenyewe kana kilo 1,100 na ushee, haina cha kubeba. Kinachouma ni vitu vya bodi, taa, vioo, mota za paa, hivyo unaagiza na unasubiri. Saiti mira ziandike namba ya gari mapema zisiibwe. Na chagua fundi anayekubali kusoma kwanza kabla ya kufungua, kuna mmoja alitaka kulisukuma paa kwa mkono likiwa limekwama nusu, nikampigia kelele majirani wakatoka nje. Lilikuwa komeo tu halijakaa sawa.

Nimesema mabaya mengi sana, sasa nieleze kwa nini siiuzi.

Gia. Kirungu cha gia ni kifupi, unakisogeza kwa kiganja tu na kinaingia kwa kubofya, yaani unajikuta unabadilisha gia hata pasipo na sababu. Usukani unakuambia kila kitu, kipande cha lami kilichozibwa, mchanga kidogo pale kona ya Coco, vyote unavisikia mikononi. Inasukumwa na matairi ya nyuma, uzito umegawanywa karibu nusu mbele nusu nyuma, kwaiyo ukiingia raundabauti inazunguka na wewe, siyo inaburuzwa. Wale wanaotegemea kukimbizana na Crown waache, hii ina farasi 170 tu, Subaru ya tabo itakupita na vumbi lake utakula, ukiwa umefunua utalila kweli kweli.

Ila hapo ndo kuna siri yake, raha ya hii gari haihitaji spidi. Nchi hii kwenye makazi ni 50, tochi za kupima spidi zimejificha, afande yupo nyuma ya mti. Ukiwa na gari kubwa yenye nguvu 50 ni usingizi, unakaa na uchu wako mpaka faini. Hii kwa 50 unaona unakimbia, kwa 80 unaona umeiba kitu. Jumapili alfajiri, Tegeta kupandisha Bunju kwenda mpaka Bagamoyo, mji bado umelala, hewa ya baridi, harufu ya mikorosho na moshi wa wachoma mkaa, paa wazi, gia ya tatu, ya nne, ya tatu tena, hakuna gari niliyowahi kuendesha inanipa kile kitu kwa hela ile. Nakunywa supu Bagamoyo, na saa tatu kasoro niko nyumbani paa limefungwa kabla jua halijaanza vurugu. Au usiku wa katikati ya wiki, daraja la Tanzanite likiwa tupu, zile taa zinapita juu yako na bahari unaisikia pande zote. Basi. Muda wa paa Dar ni huo, alfajiri na usiku, saa nyingine zote ni gari ya kawaida ndogo yenye AC nzuri na gia tamu, na mimi hiyo inanitosha.

Kwa anayetaka kununua iliyopo mjini tayari: nenda kaione siku ya pili baada ya mvua kubwa, siyo siku ya jua. Nyanyua kapeti za miguuni uguse kama kuna unyevu, nusa. Mwambie muuzaji afunue na kufunga paa mara kadhaa mbele yako bila kuligusa kwa mkono, akianza stori za "betri tu imechoka" mwambie abadilishe betri ndo urudi. Chungulia uvunguni kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kingo za chini za milango, kama imekuwa ikikaa barabara mbovu utaona mikwaruzo. Na panda nayo mpaka kwako kabisa, getini, kabla ya kutoa hela.