Kinanda kilichosahau ngoma za mzee

Kinanda changu hiki cha umeme kina noti ngapi na midundo mingapi, someni kwenye boksi. Mimi nina jambo moja tu, na mpaka leo linaniwasha.

Nilikinunua kwa sababu ya kitufe kimoja: kile cha kurekodi sauti zako mwenyewe ukazipiga kwenye noti. Tunapiga kidumbak harusini hapa Unguja, muziki wenye jina la ngoma zake ndogo, na ngoma za kiwandani zilizomo ndani ya vinanda hivi, samahani, ni ndoo. Nikamwomba mzee wetu mmoja aje na vidumbak vyake viwili. Akawasha makuti uani, akazipasha ngozi taratibu. Anagonga, anasikiliza, anarudisha motoni. Saa nzima, hata maiki sijaiwasha.

Kurekodi nako kazi. Kinanda kinangoja kisikie sauti ndipo kianze, na kikianza kimeshachelewa. Ule mpasuko wa kiganja, "pa", kinaukata, unabaki mvumo mtupu kama mtu anapiga godoro. Nikakirekebisha kiamke upesi zaidi. Kikarekodi jogoo. Tukamfungia jogoo. Hadi alasiri nilikuwa na milio 11: katikati ya ngozi, ukingoni, vijiti vya mkwasa, manyanga ya cherewa. Nikagonga noti mbili tatu, mzee akacheka. "Huyo mimi," akasema.

Mtoto akajikwaa kwenye waya.

Nikachomeka tena. Noti zote kimya. Nikadhani kimeharibika, kumbe ndivyo kilivyoundwa! Sauti ulizorekodi zinakaa humo kwa muda tu; usipozihamishia kwenye flashi, umeme ukikatika nazo zimekwenda. Kwa umeme wetu huu! Eti imeandikwa kitabuni, kwa Kiingereza, kurasa za mwisho huko, herufi kama sisimizi.

Nikampigia muuzaji.

"Kaka, kitabu si ulipewa?"

Nikamwambia, mbona siku ile hukunambia, na mdomo wa kunisifia mpaka taa zake za rangi ulikuwa nao?

"Sasa ulitaka nikufuate mpaka kwako?" Akakata.

Ningeandika siku ile ningesema kitupeni baharini, na muuzaji akifuate. Lakini baada ya wiki kadhaa mzee akanihurumia, akaja tena na makuti yake. Safari hii kila mlio mmoja, flashi. Mlio mmoja, flashi. Na hapo, bila kupenda, nikaanza kukipenda. Ukipanda noti za juu, kidumbak kinakuwa chembamba, kinalia kama kigae. Ukishuka chini kabisa, sauti inakwenda polepole, inanenepa, inavuma kama ngoma kubwa ambayo sisi hatuna na hatujawahi kuwa nayo. Kwenye harusi moja bibi mmoja alizunguka nyuma ya spika kumtafuta mpigaji.

Kwa hiyo ni kizuri? Sijui niseme nini. Kila nikikiwasha lazima nizipakie upya sauti kutoka kwenye flashi, na zinapanda kwa mwendo wa kobe. Juzijuzi bibi harusi ameshafika mlangoni, watu wananitazama, mimi natazama kistari kwenye kioo. Nikaapa nakiuza. Kijana mmoja akakitaka, nikamwambia njoo jioni. Jioni nikaigonga ile noti ya chini kabisa, mara moja tu, nikampigia simu asije.

Lakini lile duka, sirudi.