Nilivyotibu tegu kwa mbwa wangu wawili

Nafuga mbuzi wachache huku Kajiado, na boma linalindwa na mbwa wawili, Simba na Kito. Mwezi wa tatu niliona kwenye gunia analolalia Kito vitu vyeupe mfano wa punje za mchele. Nyingi zilishakauka, ila moja chini ya mkia wake ilikuwa bado inajikunja na kujinyoosha.

Nilikimbilia duka la dawa za mifugo, nikauziwa chupa ya dawa ya minyoo. Wiki mbili baadaye punje zilikuwa palepale. Kumbe ile ilikuwa piperazini, dawa ya minyoo ya mviringo; tegu, yule mnyoo bapa ambaye punje zile ni vipande vyake, haimgusi. Muuzaji hakuniuliza nimeona mnyoo wa namna gani, na hilo liliniuma, kwa sababu nilirudi nyumbani nikiamini wametibiwa.

Ndipo nikamwita daktari wa mifugo. Alizitazama punje, akapekua manyoya ya Kito karibu na mkia, akanionyesha viroboto. Tegu huyo mbwa humpata kwa kumeza kiroboto anapojitafuna, kwa hiyo viroboto wasipouawa atarudi tu. Nikadhani tumemaliza. Akaniuliza, "Baba Naserian, mkichinja, hawa wanakula nini?"

Nikamkumbuka mbuzi wa Krismasi. Ini lake lilikuwa na vifuko vyeupe vimejaa maji, kimoja kikubwa kama yai la kuku. Tulikikata na nyama yake tukawatupia mbwa.

Daktari aliketi kabisa kunieleza. Kwa maelezo yangu tu hakuweza kuapa ni vifuko vya nani, maana wako tegu wa mbwa zaidi ya mmoja ambao lava wao, yaani minyoo michanga, hukaa ndani ya mbuzi. Anayemtia hofu ni yule mdogo sana, ambaye hata akikomaa hafiki sentimita moja. Kwenye kinyesi humwoni kwa macho, na kwa darubini mayai yake hayatofautiki na ya wenzake. Mbwa hukaa naye bila dalili yoyote. Mtu akimeza yale mayai, vifuko humwota kwenye ini au mapafu, vikakua polepole kwa miaka. Nilishasikia habari za Turkana, ambako shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kupambana na ugonjwa huu mwaka 1983, nikaziona za mbali. Na binti yangu wa miaka sita humlisha Simba kwa mkono wake.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Nilipanda mizani nikiwa nimembeba Simba, kisha nikapanda peke yangu: kilo 20, vidonge viwili vya miligramu 50. Kito, kilo 14, alipata kimoja na nusu. Ni vichungu, Simba alitema mara mbili mpaka tulipovificha ndani ya tonge la ugali lililochovywa kwenye mchuzi wa omena.

Jambo ambalo duka lisingeniambia ni kwamba dawa huua tegu lakini haiui mayai. Tuliwafunga siku mbili, kinyesi chote kikachomwa, na aliyekizoa akanawa kwa sabuni. Gunia la Kito nalo tulilichoma, mbwa wote wakatiwa dawa ya viroboto.

Punje sijaziona tena, ila kwa yule mdogo hilo si ushahidi. Kwa hiyo dozi hurudiwa kila wiki sita, kabla tegu mpya hajaanza kutoa mayai. Binti nilimpeleka kupigwa picha ya tumbo ya ultrasaundi. Ini lilikuwa safi, nikapumua.

Lawama yangu kwa daktari ni moja: hakuniachia kadi ya kumbukumbu, ikabidi niandike tarehe ukutani mwa stoo. Siku hizi ini au pafu lenye kifuko huingia shimoni, refu la kutosha mbwa asifukue, na lililo zima wanapewa likiwa limechemshwa hadi katikati. Dozi ya tatu ni Jumamosi ijayo, na tonge la ugali litakuwa tayari.