Usiku wa drafti Malindi: kahawa safi, karatasi ya ubashiri ina tundu

Ukitaja "drafti" kwenye baraza za Malindi utaletewa ubao na visoda. Hii ni drafti nyingine: timu 32 za NFL, ligi ya futboli ya Marekani, zinapochagua vijana wanaotoka vyuo vikuu, mwisho wa Aprili. Kuna ukumbi wa kuonyesha mpira upande wa Maweni unaoikesha raundi ya kwanza. Kiingilio ni shilingi 150, na ndani yake mna kikombe cha kahawa chungu na karatasi ya kubashiri wapokeaji, yaani wale wanaokimbia pembeni kudaka pasi ndefu.

Saa kwanza. Raundi ya kwanza huanza Alhamisi saa mbili usiku kwa saa za New York, na huku ni Ijumaa saa tisa usiku. Usije saa nane na nusu ukitumaini kupata kiti chenye mgongo. Vipo kumi na viwili tu, vilivyobaki ni mabenchi, na kazi yenyewe ni ya zaidi ya saa tatu. Adhana ya alfajiri hukuta raundi iko katikati na ukumbi huondoka nusu yake. Mwenye ukumbi haisimamishi picha, ila kijana wa kaunta huandika kila chaguo ubaoni kwa chaki, timu na namba yake, hivyo anayerudi kutoka msikitini hahitaji kuuliza. Mwaka ukiwa kama 2023 hakosi kitu: mpokeaji wa kwanza alichukuliwa nafasi ya 20, kisha wakafuatana wanne mfululizo hadi ya 23, Smith-Njigba, Johnston, Flowers, Addison.

Sasa karatasi, maana ndiyo inayojaza ukumbi. Hakuna pesa inayowekwa, mshindi hupewa mahamri na chai wiki nzima, kwa hiyo hata wazee wanaochukia kamari hujaza. Maswali ni matatu: taja wapokeaji watatu wa kwanza kwa mpangilio, taja timu ya yule wa kwanza, taja wangapi watachaguliwa raundi ya kwanza.

Swali la kwanza limetungwa vibaya. Jina likiwa nje ya mpangilio ni sifuri. Mwaka 2024 lingefaa, kwa kuwa Harrison (4), Nabers (6) na Odunze (9) walitoka kama ilivyotarajiwa na wengi. Lakini kwa 2023, mtu aliyejua majina sawasawa akamtanguliza Flowers mbele ya Johnston angepoteza pointi kwa tofauti ya chaguo moja, sawa na aliyeandika jina la kijana asiyeitwa kabisa. Dawa ni rahisi: kila jina liwe na pointi 10, uandike na namba ya chaguo, kisha ikatwe pointi moja kwa kila nafasi uliyokosea. Ukimwandika Odunze wa 7 akatoka wa 9, unabaki na 8. Hesabu hiyo kijana wa kaunta anaimudu kwa chaki yake.

Tundu la pili ni mchezaji wa pande mbili. Travis Hunter alicheza chuo cha Colorado akidaka pasi na pia akizuia wadakaji, na 2025 timu ya Jacksonville wakapanda kutoka nafasi ya 5 hadi ya 2 kumchukua. Ukimhesabu mpokeaji, wa kwanza mwaka ule ni yeye. Ukimtoa, ni Tetairoa McMillan, aliyechukuliwa na Carolina nafasi ya 8. Karatasi haisemi lolote. Uliza kabla hujaandika jina lako chini, maana baadaye kila mmoja ana hoja yake na hakuna anayeshindwa kwa maneno.

Kwa anayetaka hayo mahamri, kosa kubwa la wanaojaza ni kufuata saa ya kupimia mbio. Mbio za yadi 40, kama mita 36 na nusu, zinapendwa kwa sababu ni namba moja na kila mtu anaielewa. Xavier Worthy alizikimbia kwa sekunde 4.21 mwaka 2024, rekodi ya kambi ya vipimo vya kabla ya drafti, na bado alisubiri hadi nafasi ya 28. Matthew Golden alipata 4.29, akatoka wa 23. John Ross na 4.22 yake alipanda hadi ya 9 mwaka 2017, kisha msimu wake wa kwanza hakudaka hata pasi moja. Harrison hakukimbia kabisa kambini, akawa mpokeaji wa kwanza kuchukuliwa. Kasi humwingiza mtu raundi ya kwanza. Nafasi za mbele hupewa anayeweza kusimama pembeni peke yake, akashikwa na beki na bado akajinasua.

Kitu cha pili cha kutazama ni nani anamrushia, yaani kwotabeki, mrusha pasi wa timu. 2021 inafurahisha: Chase alikwenda Cincinnati kwa Burrow, Waddle Miami kwa Tagovailoa, Smith Philadelphia kwa Hurts, na kila mmoja alishawahi kuwa timu moja na kwotabeki wake huyo chuoni. Tazama pia makwotabeki wanaosubiri kuchaguliwa, maana wakiwa wengi wapokeaji husukumwa chini. 2024 watatu waliondoka kwanza ndipo Harrison akapata nafasi.

Swali la idadi halihitaji utaalamu. Kuanzia 2020 hadi 2025 walitoka 6, 5, 6, 4, 7 na 4, Hunter akiwemo. Andika 5 uende zako.

Picha ni safi, lakini inakuja kwa intaneti na hukawia karibu dakika moja. Zaidi ya hapo, wanahabari wa Marekani hutaja jina mtandaoni kabla halijasomwa jukwaani. Mmoja akiwa na simu wazi, ukumbi mzima umeharibikiwa. Kuna kapu la simu mlangoni, ila ni la hiari, na hapo ndipo lilipofeli. Umeme ukikatika kuna betri ya skrini na ruta; feni hazimo. Mvua ya masika ikishuka kwenye mabati sauti haisikiki, basi kaa upande wa ubao.

Mbaazi za nazi hutoka saa kumi na moja unusu, mahamri shilingi 10 moja. Mbaazi nzito, chumvi kidogo.

Raundi ya 2 na ya 3 ni usiku unaofuata, saa nane, na watu huwa hawafiki ishirini. Raundi ya 4 hadi ya 7 ni Jumamosi saa moja jioni, saa nzuri kuliko zote, ila skrini kubwa saa hizo ni ya ligi ya Uingereza. Puka Nacua alichaguliwa raundi ya 5, nafasi ya 177, akaweka rekodi ya wakati huo, 2023, ya kudaka pasi 105 kwa mchezaji wa msimu wa kwanza. Ukitaka kuona raundi hizo, mwombe mwenye ukumbi televisheni ndogo ya karibu na jiko. Huiwasha watu wakifika wanne.