Sandwichi ya mtoto: jodari wa kopo au sato?

Jodari wa kopo ni wa haraka: mwaga maji yake, ponda na parachichi, paka kwenye mkate. Ila mara nyingi huwa na chumvi, na jodari hubeba zebaki (metali yenye sumu) nyingi kuliko sato, kwa hiyo kwa mtoto wa miaka miwili asiwe wa kila siku.

Sato anataka subira. Namchemsha kwa ndimu na kitunguu, kisha napapasa nyama yake kwa vidole, kipande kwa kipande, nikisaka miiba. Macho peke yake hayatoshi. Nachanganya na kiazi kilichopondwa, mkate naukata kingo, halafu vijiti vinavyoshikika mkononi. Wa jodari mwanangu huulamba tu. Wa sato humaliza, akanyoosha mkono tena.