Magurudumu na viunganishi vya mabehewa ya mfano: kipi ununue kwanza

Behewa moja la mizigo la mfano linataka ekseli 4, kila moja ikiwa na magurudumu yake mawili, na viunganishi 2 vya kulishikisha na mabehewa mengine. Ukiwa na mabehewa 10, hizo ni ekseli 40 na viunganishi 20, na hapa Mbeya mimi sijakuta duka linaloviuza. Mzigo unatoka nje, unausubiri posta au unamwomba mtu anayesafiri akubebee. Ukikosea saizi, umekosea kwa miezi. Kwa hiyo nimevipanga kwa zamu ya kununua, nikianza na kile ambacho ningekuagiza uchukue hata kama fedha yako inatosha kimoja tu.

Naongelea kipimo cha HO, yaani 1:87 (mfano mdogo mara 87 kuliko kitu halisi), kwenye reli zenye nafasi ya milimita 16.5 kati yake. Seti nyingi za mitumba ni za kipimo hicho.

Nafasi ya kwanza naipa magurudumu ya chuma ya namba 110. Namba hiyo ni upana wa gurudumu kwa sehemu za elfu za inchi: 110 ni milimita 2.79. Ukilikuza mara 87 unapata gurudumu lenye upana wa sentimita 24, wakati gurudumu halisi la behewa la Marekani halifiki hata 15. Kwa macho basi bado ni nene. Lakini linapita kwenye njia panda yoyote (pale reli zinapogawanyika) ya reli za dukani bila kuanguka, na tofauti yake na plastiki utaisikia kabla hujaiona. Kiangazi chetu kina vumbi. Geuza behewa lenye magurudumu ya plastiki baada ya wiki chache, utakuta mstari mweusi umeganda pale gurudumu linapogusa reli, mgumu kiasi cha kukwanguliwa kwa kijiti cha meno. Uchafu huo unarudi kwenye reli, na injini inaanza kusitasita. Chuma hakishiki uchafu kwa kasi hiyo.

Kabla ya kuagiza, pima vitu viwili. Cha kwanza ni kipenyo. Mabehewa ya zamani na ya tani 70 ya Marekani yana magurudumu ya inchi 33, ambayo kwenye HO ni milimita 9.6. Ya tani 100 yana inchi 36, yaani milimita 10.5. Ukiweka makubwa kwenye behewa dogo, yanasugua sakafu. Cha pili, ambacho wengi hukisahau, ni urefu wa ekseli kutoka ncha hadi ncha. Ya Marekani mengi yako karibu milimita 25.8, ila yapo mafupi na marefu zaidi. Mimi agizo langu la kwanza sikupima. Ekseli ziliingia, lakini zilicheza ndani ya fremu, na behewa likawa linainama upande mmoja kila kona. Tangu hapo natoa ekseli moja ya zamani na kuipima kwa kalipa kabla ya kutuma fedha. Kampuni za InterMountain na Kadee zote zinatengeneza saizi hizo mbili za kipenyo, na nimeridhika na zote.

Nafasi ya pili ni kiunganishi cha Kadee namba 148, pamoja na kifaa chao cha kupimia urefu wa kiunganishi juu ya reli, namba 205. Mabehewa ya seti za bei nafuu huja na kile kiunganishi cha plastiki chenye pembe, X2F, ambacho hakifanani na kitu chochote kwenye reli halisi. Kadee kinafanana na ngumi iliyokunjwa nusu: vidole viwili vinakutana na kufungana vyenyewe. Namba 5 ya zamani inataka kisahani cha springi ndani ya kisanduku chake. 148 ina vinywele viwili vya chuma ubavuni vinavyoirudisha katikati, hivyo kuifunga ni kazi ya dakika mbili. Usinunue viunganishi ukaacha kifaa hicho cha kupimia. Kitovu cha kiunganishi kinatakiwa kiwe takriban milimita 9.9 juu ya reli, na kimoja kikining'inia chini kidogo kuliko mwenzake, treni itakatika kwenye mlima. Usipake mafuta. Kwangua risasi ya penseli, upake unga wake. Kuachanisha mabehewa natumia kijiti cha mshikaki: nakichomeka kati ya vidole, nakizungusha kidogo, vinaachia.

Uzito niutaje upesi kwa sababu haugharimu kitu. Chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, NMRA, kinapendekeza wakia 1 kwa behewa na nusu wakia kwa kila inchi ya urefu. Behewa la inchi 6 linatakiwa karibu gramu 113. Nati kuukuu na gundi zinatosha.

Nafasi ya tatu ni magurudumu ya namba 88 pamoja na Kadee namba 158, ambayo kichwa chake ni kidogo na cha kweli zaidi. Hapa ndipo behewa linapendeza likitazamwa kwa nyuma. Tatizo ni njia panda: pengo pale reli zinapokatana likiwa pana, gurudumu jembamba huzama na kuruka. Nunua ekseli 4 kwanza, pitisha behewa moja kwenye kila njia panda uliyonayo, ndipo uagize zilizobaki.

Viunganishi vya Sergent naviweka nafasi ya nne. Ni vya saizi halisi, ndani kuna kigololi cha chuma kinachofunga kidole, na unavifungua kwa kushika sumaku juu yake. Nimevipenda sana, ila kichwa chake hakikamatani na Kadee ya kawaida, hivyo unabadilisha mabehewa yote au huanzi kabisa. Mwisho kabisa ni magurudumu ya namba 64, ya mtindo wa Proto:87 unaofuata vipimo halisi kabisa. Hayo ni ya anayejenga reli zake mwenyewe.

Sasa kwa wenzangu wanaotaka mfano wa TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, na si wa Marekani, mpangilio unageuka. Reli tunayoiona Iyunga, hapa Mbeya, ina nafasi ya milimita 1,067. Ukigawa kwa 16.5 unapata karibu 1:64, kwa hiyo reli zile zile za HO zinafaa, ila behewa linajengwa kubwa zaidi. Katika kipimo hicho namba 88 inakuwa sawa na gurudumu la sentimita 14, karibu kabisa na halisi, na Kadee ya kawaida haionekani tena kubwa kupita kiasi. Kipenyo ndicho kinachopungua: milimita 10.5 kwenye 1:64 ni sentimita 67 tu, kwa hiyo tafuta gurudumu kubwa zaidi. Mimi nimeanza na behewa moja la wazi la kadibodi ngumu, ekseli 4 za namba 88 na jozi moja ya 148.