Mikanda ya racheti ya milimita 50 kubebea Land Rover kwenye tela: uzoefu wangu

Mikanda ninayoiongelea (ya kufungia mzigo, ina racheti, yaani kikazio cha meno chenye mpini) iko minne, upana milimita 50, urefu mita 9, rangi ya chungwa, ina lebo ya buluu iliyoshonewa kwenye mkanda wenyewe. Nilinunua elfu 45 kila mmoja Kariakoo, na ni karibu mwaka sasa imeshabeba Land Rover yangu, Suzuki Samurai ya jamaa yangu mara mbili na trekta dogo mara moja (hiyo ya trekta sirudii). Watu wananiuliza wachukue hii au cheni, jibu fupi chukua hii, ila jibu fupi halitoshi maana mi mwenyewe nilianza na mikanda mingine kabisa na ilinifundisha adabu barabarani.

Ilikuwa hivi. Mwaka jana mwezi wa saba nilipata Land Rover 110 Mafinga, bodi safi, chasisi haina kutu, gia boksi haipo. Yaani haipo kabisa, ilishashushwa pamoja na transfa (boksi linalogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma) na ikatangulia kwa fundi Morogoro juu ya Fuso la mbao. Wanaozijua hizi gari hapo washashtuka. Handbreki ya 110 haikamati tairi, inakamata propela shafti ya nyuma pale pale kwenye transfa, sasa ukishusha transfa handbreki nayo imeondoka. Kwahiyo nina gari la karibu tani 2, halina gia ya kulizuia, halina handbreki, ni kama umepakia pipa umelilaza. Kinacholishikilia juu ya tela ni kamba zako na Mungu.

Na kamba zangu siku hiyo zilikuwa mikanda ya milimita 25, ile myembamba, karatasi ya nje imeandikwa TANI 5 kwa maandishi makubwa. Muuzaji akaniambia kaka hii inabeba hata Scania. Nikanunua minne nikaona nimepata. Vijana wakasukuma gari likapanda, nikapitisha ndoano za mbele kwenye bampa, za nyuma kwenye chasisi, nikakaza racheti mpaka springi zikalala kidogo, nikalisukuma gari kwa bega halitikisiki hata chembe, nikapiga na picha nikamtumia fundi. Gari la rafiki yangu, Mkonga, ndo lilikuwa linavuta tela, tukaondoka.

Mafinga mpaka Iringa hakuna shida. Baada ya hapo ni yale yale mnayoyajua, tuta, rasta, tuta, rasta, kila penye nyumba nne kuna tuta. Tukafika Ilula tukasimama kununua nyanya, mi nikazunguka nyuma kunyoosha miguu tu, sikuwa hata na nia ya kukagua. Mkanda wa nyuma kushoto umelala kwenye mbao za tela, ndoano imetoka yenyewe, haijakatika, haijanyooka, imetoka tu kama mtu aliyechoka kushika. Wa kulia bado umeshika ila unaweza kuuvuta kwa kidole kimoja. Na gari limesogea mbele shibiri nzima, niliona alama ya tairi kwenye vumbi, mstari mweusi mfupi hivi. Mbele yetu mlima Kitonga bado na tunaushuka. Nyanya nikasahau.

Pembeni alikuwa amepaki mzee mmoja na semi lake, anakunywa chai na utingo wake, akawa ananiangalia navyohangaika kukaza upya. Nikamwamkia, akaitikia, akaja taratibu na kikombe mkononi akainama akachungulia chini ya gari. Akaniuliza, "Mwanangu, umefunga gari au umefunga springi?"

Nilicheka, ila ndo somo lenyewe na watu wengi wanakosea hapo hapo. Ukifunga mkanda kutoka chasisi kwenda kwenye tela, katikati kuna springi. Tela likipiga tuta, chasisi inashuka, mkanda unalegea kwa nusu sekunde, ndoano iliyokuwa imening'inia kwa mkazo tu inapata nafasi ya kuruka. Chasisi ikirudi juu mkanda unavutwa kwa nguvu ghafla, na kila tuta unazidi kupoteza mkazo. Unaweza kuwa na mkanda bora duniani ukakuachia hivyo hivyo. Anayetakiwa kufungwa ni ekseli au tairi, kwasababu huyo ndo amekanyaga mbao za tela, mwili wa juu uache ucheze na springi zake kama unavyocheza barabarani siku zote. 110 ina ekseli ngumu mbele na nyuma kwahiyo hii ni rahisi sana kwake, sawa na Samurai na Mkonga wenyewe nyuma.

Mzee akamtuma utingo akaleta cheni mbili na vile vidude vya kukazia, wakafunga ekseli ya nyuma kwa msalaba, ya kushoto inaenda kona ya kulia na ya kulia inaenda kushoto, ili gari lisitambae pembeni kwenye kona. Mikanda yangu ikabaki mbele kwenye ekseli. Kwa bahati nao walikuwa wanashuka Morogoro, tukaongozana. Kitonga tukashuka gia ya pili nyuma ya malori, dirisha wazi nasikiliza kama kuna kitu kinagonga. Hakuna. Ruaha Mbuyuni nikasimama, cheni ziko vile vile, mikanda yangu imelegea tena kidogo. Mikumi kilomita 50 za mbugani huwezi kukimbia, ndo ilikuwa sehemu ya kupumua. Morogoro nikamrudishia cheni zake, hela alikataa, akachukua soda.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma lebo badala ya kusoma karatasi ya nje, na hapa ndo napenda hii mikanda mipya. Lebo yake imeandikwa EN 12195-2 (kiwango cha Ulaya cha mikanda ya kufungia mzigo), imeandikwa LC daN 2500 (LC ni nguvu ya juu unayoruhusiwa kuupa mkanda ukiwa kazini), na chini kuna mchoro wa mkanda umezungushwa na namba 5000. daN moja chukulia ni kama uzito wa kilo moja. Maana yake ukiuvuta moja kwa moja kutoka ndoano mpaka ndoano ni tani 2 na nusu, ukiuzungusha kitu ukarudi ndo unapata tani 5. Kwahiyo hata huu mkanda wa kweli, ile "tani 5" ni kwa namna moja tu ya kufunga. Ile myembamba ya kwangu ya mwanzo haikuwa na lebo kabisa. Mkanda wa milimita 25 wenye lebo ya ukweli utakuta kilo mia kadhaa ukivuta moja kwa moja, tani 5 haipo hata kwa ndoto. Ule wa Kimarekani hesabu yake wanagawa kwa tatu, mkanda wa kukatika kwa pauni 10,000 wanakuruhusu kuutumia kwa pauni 3,333 tu, sasa muuzaji wa kwetu anakusomea namba gani? Ile kubwa bila shaka.

Hesabu inayotumika kwa mzigo barabarani ni kwamba breki kali inausukuma mzigo mbele kwa asilimia 80 ya uzito wake, na pembeni au nyuma nusu. Land Rover ya tani 2 basi ni tani 1.6 zinataka kuja kukaa na wewe kwenye kabini. Mkanda nao haulali sawa na barabara, unashuka kwa pembe, kwahiyo sehemu tu ya nguvu yake ndo inafanya kazi hiyo ya mbele na nyuma. Ndo maana minne, na ndo maana siifungi imesimama wima kama mlingoti.

Kingine kwenye lebo kuna STF, ya kwangu 320. Hiyo ndo nguvu unayoipata ukikaza racheti kwa mkono wa kawaida, kilo mia tatu na kidogo, basi. Nilikuwa nadhani nikikaza mpaka meno yakauma nimeweka tani mbili. Kuna watu wanaingiza bomba kwenye mpini wapate nguvu zaidi, msifanye, mpini unapinda au racheti inakurudia usoni.

Navyofunga sasa: kila ekseli napitisha kipande kifupi cha mkanda chenye pete mbili, halafu ndoano ya racheti inashika pete. Kabla ya kupitisha nalala chini na tochi naangalia paipu ya breki, kwenye ekseli ya nyuma ya 110 imelala juu ya ekseli yenyewe, ukiibana umenunua tatizo jipya. Mbele sigusi tai rodi (fimbo ya usukani inayounganisha tairi mbili za mbele) hata kama iko mahali pazuri pa ndoano, itapinda. Kwenye kila kona ya chuma naweka kipande cha tyubu ya tairi maana mkanda unaweza kubeba tani lakini ncha kali ya bati inaumaliza kwa kusuguasugua tu. Kwenye ngoma ya racheti nahakikisha umezunguka angalau mara moja na nusu, zaidi ya mara tatu unajazana na unagoma kufunguka. Na mkanda mrefu unaopita kwenye upepo naupindua mara moja, ukiwa bapa unalia vuuuu njia nzima mpaka unaumwa kichwa. Nikitoka nasimama kilomita 15 au 20 za mwanzo kukaza, ndani ya hapo huwa unalegea kidogo kwasababu tairi na fundo vinakaa sawa, baada ya hapo nakagua kila tukisimama.

Malalamiko yangu. Mita 9 ni ndefu mno kwa gari, mkia unaobaki ni kama mita 6, usipoufunga vizuri unapigwa na upepo unachanika ncha, wa kwangu mmoja tayari una ndevu. Racheti zimeanza kutu baada ya mvua moja ya Morogoro, nimezipaka oili chafu zimerudi. Jua linaila rangi, ile miwili niliyoisahau juu ya tela wiki tatu imepauka na imekuwa migumu migumu, sina imani nayo tena. Na lebo moja maandishi yanafutika, ikifutika yote huo mkanda nao nautoa kwenye kazi ya gari.

Cheni je? Cheni nzuri ni nzuri, haikatwi na bati wala hailiwi na jua, ya milimita 8 yenye muhuri wa 8 kwenye pete ni tani 4. Lakini iwe na muhuri, hii ya kupimiwa kwa kilo dukani isiyo na namba mi siiamini, ni ya kufungia geti. Halafu ni nzito, inakwangua rangi, na haivutiki hata kidogo, ikipata nafasi ndogo tu inakuwa imelegea yote kwa mara moja. Kwa trekta ningechukua cheni, siku ile ya trekta kwa mikanda nilisimama mara saba njiani. Kwa Land Rover na Samurai mikanda inatosha, ila nilinunua cheni moja yenye muhuri naiweka nyuma kwenye ekseli kama akiba, haijakazwa sana, ipo tu.

Ile mikanda myembamba ya tani 5 bado ninayo. Miwili inafunga tenki la maji la nyumbani, miwili mke wangu ameiweka uani anaanikia nguo.