Hudi sio nguo ya kukimbilia! Nimejaribu nguo za baridi za mtumba hapa Tabora

Mwangaluka jamani, karibuni tena. Saivi ni saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, jua bado, niko huku barabara ya kwenda Igombe na mnaniona natetemeka, si ndio? Sasa kabla hujaanza kuandika hapo chini "kaka si ungevaa sweta", tulia kwanza, maana hilo hilo la sweta ndo limenitoa kitandani leo.

Simu inasema nyuzi 15. Najua kuna mtu wa Makete ananiangalia hapa anacheka mpaka anamwaga chai, kwake hii ni mchana. Sawa, cheka, ila huu upepo mkavu wa mwezi wa saba huku kwetu ukikupiga kifuani ukiwa na jasho utajua hujui. Alafu mimi baridi ya kwenu nimeshaionja, ndo ilinifundisha.

Mwaka jana nlienda Njombe kikazi, mwezi wa saba huu huu. Asubuhi nyuzi 8. Mimi mtu wa Tabora nikaingiwa na hofu, nikavaa fulana ya pamba, juu yake hudi hili hapa, mnaliona, zito, pamba tupu, juu ya hudi nikatia koti. Kilomita mbili za kwanza raha mustarehe, kama niko jikoni. Ya nne jasho linatiririka mgongoni mpaka kwenye mpira wa suruali. Ya sita nikasimama kufunga kamba ya kiatu na kupumua kidogo, dakika tatu hazikufika, upepo ukapita, ile hudi ikawa kama taulo limetoka kwenye ndoo muda huo huo. Sikuweza kukimbia tena. Nikapanda boda kurudi, nimelowa, nyuma ya boda, Njombe, sitaki hata kuisimulia.

Sasa kilichonitesa sio baridi ya Njombe, ni jasho langu mwenyewe. Pamba inakunywa maji na haiyaachii, na maji yanapitisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa, kwahiyo ukilowa nguo inakuwa inakunyonya joto badala ya kukutunzia. Na niliyapata yale jasho kwasababu nlivaa nguo za mtu aliyesimama. Hapo ndo wengi tunakosea. Unatoka mlangoni unasikia baridi, unavaa kwa ajili ya mlangoni, wakati wewe safari yako ni kilomita nane.

Wakimbiaji wa nchi za baridi wana hesabu yao moja rahisi, chukua nyuzi zinazosomeka, ongeza kama 10, alafu vaa kama unatoka kutembea kwenye hali hiyo. Leo 15, kwahiyo navaa ya 25. Ndo maana natetemeka, na ndo inavyotakiwa, dakika kumi za kwanza uone baridi kidogo. Ukitoka nyumbani umeshapata joto, ujue umezidisha nguo.

Kuna mtu atasema mbona bodaboda wanavaa makoti kama ya kwenda Urusi? Boda amekaa, kaka. Inayokimbia ni injini. Yeye anakula upepo tu hatengenezi joto, ndo maana wengine wanaweka na boksi kifuani ndani ya koti, na ile ni akili kubwa msiwacheke, hata waendesha baiskeli wa Tour de France walikuwa wakifika juu ya mlima wanapewa gazeti wanalichomeka kifuani kabla ya kushuka. Upepo ndo adui.

Haya, vitu vyenyewe. Hii fulana ya mikono mirefu, polista, mtumba, elfu tatu. Hii ndo bora kuliko zote leo na sitanii. Juzi nliitia kwenye ndoo moja na hudi, nikazikamua kwa mkono zote mbili, nikaanika kamba moja. Fulana ilikauka kabla sijamaliza kazi zangu za asubuhi. Hudi nlilitoa kesho yake, na mfuko wa mbele ulikuwa bado una unyevu! Ukiwa unachambua kwenye rundo usiamini maneno ya muuzaji, tafuta lebo kwenye mshono wa ubavuni, isome. Kama lebo imekatwa, ikunje nguo kwenye ngumi hivi, ubane, uachie. Pamba inabaki na makunyanzi, polista inajirudia. Sio kipimo cha maabara lakini mimi kimenisaidia. Ubaya wake inanuka, aisee, jasho la polista likilala usiku mmoja kwenye kapu mke wangu anaitoa nje kwa kijiti. Ifue siku hiyo hiyo, na usitie ile dawa ya kulainisha nguo, inaziba kitambaa kinashindwa kuvuta jasho vizuri. Sufu ile nyembamba ya kondoo wa merino ni nzuri zaidi, hainuki hivyo na hata ikilowa bado ina joto, ila kuipata kwenye mtumba wetu ni bahati ya mtende.

Koti. Hapa nimeliwa hela. Hili la bluu nlinunua mtandaoni elfu arobaini na tano, muuzaji simtaji, aliandika haliingizi maji kabisa. Ni kweli haliingizi. Na halitoi pia! Ndani ni nailoni ya mfuko, kilomita tatu tu mikono inateleza kwa jasho, mvua inanyesha kwa ndani. Makoti ya kweli ya mvua, kama yale ya Gore-Tex, teknolojia aliyoigundua Bob Gore mwaka 1969, yana utando wenye vitundu vidogo sana, tone la maji haliingii lakini mvuke wa jasho unatoka. Hayo ni bei mbaya, na kwa kiangazi cha Tabora hatuna mvua ya kuogopa, tuna upepo. Kwahiyo angalia hili la pili, la mtumba, elfu sita, jepesi kama karatasi, likikunjwa linaenea kwenye ngumi. Zipu inafika kidevuni, na zipu ndo feni yako, ukisikia joto shusha, upepo ukigeuka pandisha. Ila mvua ya baridi ikiwepo koti halina mjadala, marathoni ya Boston kule Marekani mwaka 2018 ilikuwa mvua, upepo wa uso na nyuzi kama 3 au 4 hivi, wakimbiaji wakubwa wakawa wanaacha mbio njiani, na Desiree Linden akashinda kwa wanawake akiwa na koti lake mwilini mpaka kwenye utepe.

Glavu, usizidharau. Mwili ukisikia baridi unapunguza damu ya vidoleni ili kifua kipate, ndo maana mikono inakufa ganzi wakati mgongo una jasho. Hizi za buku jero zinatosha, huna, vaa soksi mikononi, nani anakuona saa hizi. Mzula nao vaa, masikio yatakushukuru, ila ile ya kusema joto lote la mwili linatokea kichwani sio kweli. Miguu iache, inajifanyia moto yenyewe, mimi hapa ni bukta. Mdogo wangu anayesoma Urusi yeye anavaa taiti, na kaniambia kwa wanaume kule upepo wa mbele una madhara sehemu mnazozijua, kuna chupi maalum zina kitambaa cha kuzuia upepo kwa mbele. Nlicheka, yeye hakucheka.

Na giza hili vaa kitu cheupe au kinachong'aa, malori hayakuoni. Haya ngoja nikimbie, nitawasha kamera nikirudi.

...

Haya nimerudi, kilomita nane. Sogea uone. Glavu nlizivua ya pili, zipu nlishusha ya tatu. Hii fulana mgongoni, shika, ah huwezi kushika, ina unyevu lakini hainigandi. Koti kwa ndani kavu, hapa kwapani tu ndo pameshika maji. Ila nimesimama naongea na nyie dakika moja tu na ile baridi ya Njombe naisikia inanijia mgongoni, kwahiyo fulana inatoka saivi hivi, samahani akina mama, na ninavaa kikavu. Na kikavu chenyewe ni kipi? Hudi, hili hili. Kumbe kazi yake ni hii, kusubiri kwenye begi mpaka nimalize.

Sasa naenda kutafuta chai.